Rangi Iliyochuja Huenda Wapi?

Nilipokuwa mdogo, kwetu Uyole, Mbeya, kitenge kipya hakikuvaliwa kabla ya kulazwa usiku kucha kwenye beseni la maji ya chumvi. Asubuhi maji yalikuwa yamegeuka zambarau, siku nyingine mekundu kama damu ya kuku, na mama alikuwa na amri moja: yasimwagwe kwenye mchicha. Tuliyabeba hadi kwenye shimo la majivu nyuma ya choo. Mama hakusoma kemia. Alijua tu kwamba kilichotoka kwenye nguo hakifai kuingia kwenye mboga.

Nalikumbuka beseni lile kila mjadala wa viwanda vya nguo unapoibuka, na siku hizi unaibuka mara kwa mara. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba taratibu hadi ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya AGOA, yaani kuuza bidhaa kwake bila ushuru, mpango ukalegezwa, lakini hoja yenyewe haikulala: kwa nini tuuze pamba ghafi kisha tununue nguo zilizochakaa? Ukipanda daladala ya Mwanjelwa utasikia pande mbili. Mmoja anasema vijengwe hata kesho, vijana wapate kazi. Mwingine ameona picha za mito ya Asia iliyogeuka buluu na anasema viwanda vya nguo ni sumu tupu. Katikati anatajwa mwanaharakati wa mazingira, na huyo huitwa kila jina: mpinga maendeleo, kibaraka, mtetezi wa wanyonge.

Mabishano mengi hapo yanatokana na maneno kutofahamika. Basi tuanze na maneno.

Majitaka ya kiwandani ni maji yaliyokwisha kufanya kazi kiwandani na sasa yanatafuta pa kutokea. Si lazima yawe na sumu. Maji ya kuoshea mashine nayo ni majitaka. Sumu ni kitu kinachodhuru mwili kwa kiasi fulani, na hayo maneno mawili ya mwisho yana uzito mkubwa. Shimo la mama lilitosha beseni moja, mara mbili au tatu kwa mwaka. Kiwanda kingemwaga shimoni humo kila saa, kisima cha jirani kingekuwa kimeharibika kitambo. Uchafuzi basi unategemea kitu, kiasi chake, na mahali kinapoishia. Mwanaharakati naye, kwa maana ninayoitumia hapa, ni mtu yeyote anayedai hadharani kujua kinachomwagwa na kutaka kikomeshwe au kisafishwe. Anaweza kuwa mkulima wa mpunga asiye na ofisi wala kadi ya biashara.

Kinachotendeka kabla nguo haijafika dukani

Uzi wa pamba ukitoka kwenye kusokotwa ni dhaifu. Ili usikatike kwenye mashine ya kufumia hupakwa wanga, kama vile mashati ya shule yalivyokuwa yakitiwa wanga kabla ya pasi. Kitambaa kikishafumwa, wanga huo huoshwa. Kisha kitambaa huchemshwa kwa kostiki soda kuondoa nta ya asili ya pamba, hupaushwa kiwe cheupe, hutiwa rangi, husuuzwa tena na tena, na mwishoni huongezwa dawa za kukifanya kiwe laini, kisikunjamane, au kisipitishe maji. Karibu kila hatua ina maji yake ya kumwaga. Kutia rangi na kusuuza kilo moja ya kitambaa cha pamba kwaweza kuchukua lita 100 hadi 150, yaani ndoo kubwa tano hadi saba na nusu.

Na rangi haishiki yote. Kwa aina moja ya rangi inayotumika sana kwenye pamba, kati ya asilimia 10 na 50 hubaki kwenye maji, na ili hiyo nyingine ishike huongezwa chumvi nyingi. Beseni la mama lilikuwa hatua ya mwisho kabisa ya kazi iliyofanyika mbali. Rangi tuliyoiona ikichuja ilikuwa masalia tu. Sehemu kubwa ilikwisha kuchujia kwenye mto wa watu wengine.

Hapa niseme neno kuhusu takwimu moja iliyozoeleka. Husemwa kwamba fulana moja ya pamba "hunywa" lita 2,700 za maji. Hesabu hiyo hujumlisha hata mvua iliyonyeshea shamba la pamba. Sehemu kubwa ni maji yaliyotumika. Maji yaliyoharibiwa ni hesabu nyingine, nayo ndiyo inayomhusu anayeishi chini ya bomba la kiwanda. Wengine husema mavazi ni tasnia ya pili duniani kwa uchafuzi. Waliofuatilia kauli hiyo hadi chanzo chake hawakukuta utafiti wowote chini yake. Nayasema haya nikiwa upande wa wanaotetea mito. Namba isiyo na mizizi humpa mwenye kiwanda njia ya kukwepa swali halisi.

Namna mto unavyokufa

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea. Kamati ya serikali ilipoeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, watu wengi walikataa kuamini: kinyesi cha ng'ombe kinauaje samaki? Siingii kwenye mzozo ule. Lakini swali lenyewe lina jibu, na bila jibu hilo huwezi kuelewa majitaka ya nguo.

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na huwa ni kidogo. Vikiingia vitu vya kuoza kwa wingi, bakteria huvila kwa pupa, na katika kula huvuta oksijeni ile ile. Ni kama kufungia watu mia moja kwenye chumba kisicho na dirisha: hakuna aliyelishwa sumu, ila wote wanaishiwa pumzi. Ule wanga unaooshwa kwenye kitambaa hufanya hivyo hivyo. Ukiuonja haudhuru, lakini ukiumwaga kwa tani mtoni unanyonga kila kilicho hai.

Njia ya pili ni chumvi. Wanaolima mpunga Mbarali wanajua ardhi ikianza kutoa unga mweupe juu inamaanisha nini. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mzizi hushindwa kunyonya maji, na mmea hufa kwa kiu ukiwa umesimama majini.

Ya tatu ni metali nzito, kama kromi, risasi na kadimiamu, zinazotumika kwenye baadhi ya rangi na dawa zake. Hizi haziozi, kwa sababu hazina cha kuoza. Huzama kwenye tope la mtoni na kukaa humo miaka.

Ya nne ndiyo ngumu kuionyesha kwa macho, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba harakati za miaka ya karibuni: kemikali zinazodumu na kuvuruga homoni. Mfano mashuhuri ni nonilifenoli. Viwanda hutumia sabuni maalumu kuoshea nyuzi na vitambaa. Sabuni hiyo ikifika mtoni huvunjika, na kinachobaki ni nonilifenoli, kali kuliko sabuni ilikotoka. Ndani ya mwili wa samaki hujifanya homoni ya kike. Huko Uingereza, kwenye mto Aire unaopita katika eneo la viwanda vya sufu, watafiti katika miaka ya 1990 walikuta samaki dume wakitengeneza protini ya kiini cha yai. Maji hayakuwa na rangi ya kutisha wala samaki hawakuelea. Walikuwa hai, ila miili yao ilikuwa imedanganywa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba rangi ya maji si kipimo. Maji ya buluu hutufanya tupige picha, na rangi kweli huzuia mwanga kuifikia mimea ya majini. Lakini maji meupe yaweza kuwa na kromi, na maji meusi yaweza kuwa ni majani yaliyooza. Anayejua ni aliyepima, na aliyeona orodha ya kilichonunuliwa na kiwanda.

Tunayoambiana

"Yachemshe tu." Huu ndio ushauri unaotolewa kwa upendo zaidi na unaonitia hofu zaidi. Kuchemsha huua vijidudu. Endelea kuchemsha maji ya kunywa. Lakini moto hauondoi chumvi, wala risasi, wala kromi. Sufuria ikipungua kwa mvuke, kilichobaki kimekolea kuliko mwanzo. Shabu nayo hutuliza tope likazama chini ya ndoo, na hilo ni jambo jema, ila chumvi iliyoyeyuka itaendelea kuwepo hapo juu kwenye maji meupe.

"Mto hujisafisha wenyewe." Kuna ukweli ndani yake. Ukiupa mto wanga kidogo na mwendo mrefu, bakteria watamaliza na oksijeni itarudi kwenye maporomoko. Kwa metali na kemikali zinazodumu, mto hausafishi chochote. Unasafirisha tu. Na kwetu Nyanda za Juu Kusini inafaa mtu ajiulize unasafirisha kwenda wapi. Milima hii ni kama paa la nyumba: tone moja likianguka huku linaenda Ziwa Nyasa kwa Mto Kiwira, jirani yake linaenda Mbarali, Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji, na jingine linashuka Songwe kuelekea Ziwa Rukwa.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji huingia na kuondoka kwa kupanda angani peke yake. Kinachoingia na kisichoweza kuwa mvuke hubaki humo, pamoja na samaki tunaowanunua sokoni. Wazee wa Ivuna, huko Momba, waliolijua bonde hilo kwa kuchemsha chumvi yake, wasingehitaji kuelezwa: maji yakiondoka, chumvi hubaki.

Ruaha Mkuu una udhaifu mwingine. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu maji hutumika mengi huku juu. Kiwanda hakina kiangazi. Kikimwaga kiasi kile kile mwezi Machi na mwezi Oktoba, Oktoba sumu hiyo inakuta maji kidogo ya kuizimua. Kibali kilichopigiwa hesabu wakati wa masika kinaweza kuwa kibali cha kuua wakati wa kiangazi.

Dada mmoja anayeuza mitumba soko la Sido aliniuliza, "Kaka, sasa hizi nguo zangu zina sumu?" Nilimjibu nilichokielewa. Nguo iliyofuliwa miaka mitatu Ulaya imekwisha kuachia sehemu kubwa ya kilichokuwa kinachuja. Shirika la mazingira la Greenpeace lilionyesha mwaka 2012 kwamba kufua nyumbani hutoa masalia ya ile sabuni inayozaa nonilifenoli kwenye nguo mpya na kuyapeleka kwenye mifereji. Kwa mvaaji wa mtumba, hofu hiyo si kubwa. Shida ya mtumba iko kwenye kile kisichouzika kwenye robota. Nguo nyingi za leo ni poliesta, yaani plastiki iliyosokotwa, na zikitupwa bondeni au kuchomwa nyuma ya soko, moshi ule na majivu yale ni yetu.

Wakulima wa Noyyal

Sasa kwa wanaharakati. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunawaza watu wa mashirika ya nje wenye fulana zinazofanana. Nataka nieleze kwa kirefu habari ya Tiruppur, kwa sababu nikiisoma naiona Mbarali.

Tiruppur ni mji wa kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu, unaofuma fulana za dunia nzima. Mto wake unaitwa Noyyal. Viwanda vya kutia rangi viliongezeka hadi kufikia mamia, na vingi vilimwaga humo. Mwaka 1992 ulikamilika bwawa la Orathupalayam, lililojengwa kwa ajili ya umwagiliaji. Ndani ya miaka michache wakulima walikuwa hawayataki tena maji yake: lilikuwa limegeuka tangi la majitaka ya rangi, lenye chumvi iliyoharibu mashamba na visima. Fikiria mkulima anayeiomba serikali isimfungulie maji.

Wakulima hao waliunda chama, wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliagiza viwanda visitoe hata tone la majitaka nje. Amri ikacheleweshwa, muda ukaongezwa. Januari 2011 mahakama ikaamuru viwanda zaidi ya 700 vya kutia rangi vifungwe. Siku hiyo haikuwa ya shangwe kwa kila mtu. Watu wa mshahara wa siku walirudi nyumbani mikono mitupu, na asiyelitaja hilo hasemi ukweli wote. Viwanda vilirudi kwa awamu, vikiwa na mitambo ya kusafisha.

Mtambo wa namna hiyo hufanya kazi kwa hatua ambazo mpishi angezielewa. Kwanza maji hutulizwa. Bakteria hupewa hewa ili watafune wanga na vitu vya kuoza. Kisha maji husukumwa kupitia utando wenye matundu madogo mno yanayozuia chumvi na rangi. Maji yaliyopita hurudi kutia rangi tena. Yaliyokwama huchemshwa hadi ibaki chumvi kavu, kama ile ya Ivuna, ila hii haililiki. Hubaki pia tope, na tope hilo lina metali zote zilizotolewa majini. Kiwanda kinachokuonyesha maji masafi bila kukuambia tope linazikwa wapi kimekuonyesha nusu ya kazi yake. Tena mtambo huu unakula umeme mwingi na fedha nyingi, na ndiyo maana unaweza kukuta umejengwa vizuri, umepigwa picha, na umezimwa usiku.

Njia nyingine ya harakati ilianzia dukani. Mwaka 2011 Greenpeace ilipima majitaka ya viwanda viwili vya China, kisha ikapima nguo 78 za kampuni kubwa. 52 zilikutwa na masalia ya sabuni inayozaa nonilifenoli. Badala ya kugombana na kiwanda kisichojulikana, ikawauliza wenye nembo: Puma, Nike, Adidas, baadaye Zara na Levi's. Waliahidi mmoja baada ya mwingine, na kufikia 2018 kampuni 80 zilikuwa zimeingia. Umoja wa Ulaya, kuanzia Februari 2021, ukazuia nguo zenye sabuni hiyo kupita kiasi kilichowekwa. China kwenyewe, mwanamazingira Ma Jun na taasisi yake iliyoanzishwa 2006 walichukua taarifa za ukaguzi za serikali yao na kuziweka kwenye ramani, kila mtu aone kiwanda kipi kimeandikiwa kosa. Hakupiga kelele barabarani. Alipanga karatasi zilizokuwa zimetawanyika.

Ukiziangalia habari hizi tatu, hakuna iliyodai dunia iache kuvaa nguo. Zote zilidai kujua. Unamwaga nini? Kiasi gani? Nani amepima, na majibu yako wapi? Maswali haya hayahitaji fedha kutoka nje, na anayeyauliza hawi adui wa ajira.

Sisi je?

Wapo watakaosema Mbeya na Iringa hatuna viwanda vikubwa vya kutia rangi nguo, basi tunajisumbua. Mimi naona ndiyo sababu ya kuzungumza sasa. Mji wa Iringa hunywa maji ya Ruaha Mdogo, na mitambo ya kawaida ya maji ya mjini hujengwa kupambana na tope na vijidudu. Rangi na chumvi ya viwandani ni kazi nyingine kabisa.

Tena kemia hii iko nyumbani. Akina mama wa vikundi vya batiki hutumia kostiki soda na unga wa haidrosulfaiti, na nimeona maji yakimwagwa mferejini kwa kukosa pengine. Siwalaumu, hakuna aliyewaonyesha. Kutumia rangi ile ile ya beseni kwa vitambaa vya pili na vya tatu, vya mwanga zaidi, huokoa fedha na hupunguza cha kumwaga. Na glovu zivaliwe, mama zangu, kostiki haina huruma na ngozi.

Kuhusu sheria, tunachokijua wengi ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na mara nyingi tunaisikia ikimhamisha mwenye bustani ya mboga. Kwa bomba la majitaka mita 60 peke yake hazitoshi, maana linaweza kuanzia kilomita mbili. Linalolidhibiti ni kibali cha kutiririsha majitaka, kinachotolewa na bodi ya maji ya bonde chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Bodi ya Rufiji ina ofisi Iringa, na ya Ziwa Rukwa iko Mbeya. Sheria ile ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Hata kabla yake, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki halmashauri ya jiji mwaka 1988 kwa kugeuza mtaa wao jalala, na Mahakama Kuu ikawapa haki.

Mradi mkubwa wa kiwanda hutakiwa kufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kujengwa, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mikutano hiyo nimehudhuria. Huulizwa fidia ya ardhi na idadi ya ajira, yote maswali halali, kisha soda zinagawiwa na watu wanatawanyika. Mkutano ukiitishwa kijijini kwako, kaa hadi uulize haya pia: maji mtachota kiasi gani kiangazi, mtamwaga mto upi, kemikali zenu zinaitwaje, tope mtalizika wapi, na majibu ya vipimo yatabandikwa ubao upi ili na sisi tuyasome. Uliza kabla ya msingi kuchimbwa, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, jina la aliyejibu likiwemo.